Safari ya Uwandani Pwani na Visiwani: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili, Mfano wa Gazi

1.0 Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili hutoka vyuoni kwenda pwani kutafuta data za lahaja, fasihi simulizi na isimujamii. Aghalabu wanafunzi hao huwa wameandaliwa vyema katika nadharia. Wanaweza kufafanua tofauti kati ya hojaji na mahojiano, na wanajua namna ya kuteua sampuli. Hata hivyo, safari yenyewe huachwa mikononi mwa bahati. Mwanafunzi hupanda gari, hushuka asipopajua, huanza kuuliza maswali kabla ya kujulikana yeye ni nani, na baada ya siku mbili hurejea akiwa na kanda iliyojaa majibu yanayofanana na kitabu cha sarufi.

Makala haya yanatoa mwongozo wa kusafiri kwa ajili ya utafiti katika pwani ya kusini ya Kenya, hususan Gazi na visiwa vilivyo jirani nayo. Hoja inayotetewa ni kwamba namna ya kusafiri ni sehemu ya mbinu ya utafiti. Mgeni akifika vibaya, data nayo hufika vibaya. Aidha, mtafiti wa lugha anaweza kuacha madhara katika lugha aliyokuja kuichunguza, nayo ni madhara asiyoyaona kwa kuwa hutokea baada ya yeye kuondoka.

2.0 Gazi: Mahali na Historia Yake

Gazi ni mji mdogo wa wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa, kati ya Ukunda na Msambweni. Mji huu uko kando ya ghuba isiyo na kina kirefu, ambayo upande wa mashariki imekingwa na Rasi ya Chale. Mito miwili, Mkurumudzi na Kidogoweni, humwaga maji yake katika ghuba hiyo, na palipokutana maji matamu na ya chumvi pameota msitu mkubwa wa mikoko.

Udogo wa Gazi usimhadae msomi. Baada ya Seyyid Said kuitwaa Mombasa mnamo 1837, ukoo wa Mazrui ulitawanyika, baadhi wakaenda Takaungu upande wa kaskazini na wengine wakahamia Gazi. Hapo ndipo Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alipoendeshea upinzani wa muda mrefu dhidi ya masultani wa Zanzibar, na hatimaye dhidi ya Waingereza katika vita vya 1895 hadi 1896. Aliposhindwa alivuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani, na akafia uhamishoni Dar es Salaam mnamo 1910. Kwa hiyo mwanafunzi anayeingia Gazi haingii "kijijini" tu. Anaingia katika mji uliowahi kuwa makao ya utawala, na wazee wake wanalijua jambo hilo.

Katika zama zetu Gazi imepata jina jipya. Taasisi ya Kenya ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ina kituo hapo, na mnamo 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huhifadhi hekta 117 za mikoko na kupata fedha kwa kuuza hewa ya kaboni inayofungwa na msitu huo. Fedha hizo zimesaidia shule na maji. Mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta mnamo 2017. Jambo hili lina maana kwa mtafiti wa lugha: watu wa Gazi wamekwisha kuwaona watafiti wengi. Wanajua mgeni mwenye daftari huja kutafuta nini, na wanajua vilevile ni wangapi waliorudi kuwaambia walichokipata.

3.0 Maandalizi Kabla ya Kuondoka

3.1 Vibali

Mtafiti nchini Kenya hutakiwa kuwa na leseni ya utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Akishaipata, huripoti kwa maafisa wa kaunti, kisha kwa chifu au naibu wake, na mwisho kwa mzee wa mtaa. Wanafunzi wengi huiona ngazi ya mwisho kuwa ndogo kuliko zote, ilhali ndiyo inayofungua milango ya nyumba. Barua ya chuo humtambulisha mgeni kwa serikali. Mzee wa mtaa humtambulisha kwa watu. Ikiwa utafiti unahusu istilahi za uvuvi, inafaa pia kuonana na viongozi wa kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo.

Kuhusu kurekodi sauti na picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatambua haki ya mtu juu ya taarifa zake. Ridhaa iombwe kabla ya kinasasauti kuwashwa, kwa lugha anayoielewa msailiwa, na aelezwe sauti yake itakwenda wapi.

3.2 Majira

Mwaka wa pwani hupimwa kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari huwa shwari. Kusi huvuma takriban kuanzia Mei hadi Septemba, na bahari huchafuka. Kati ya pepo hizo kuna masika, ambayo hunyesha kwa wingi Aprili na Mei, na vuli, ambayo hunyesha mwishoni mwa mwaka. Anayetaka kuvuka kwenda visiwani na achague kaskazi. Kwa upande mwingine, anayetaka kukaa na wavuvi na kuwahoji kwa utulivu asidharau kusi, kwani siku ambazo chombo hakitoki ndizo siku ambazo nyavu hushonwa na hadithi husimuliwa. Wakati wa kaskazi huja pia wavuvi wa dago, wakiwamo wa kutoka Pemba, ambao hupiga kambi kwa muda na kisha kurejea kwao. Mchunguzi wa mtagusano wa lahaja hawezi kupata fursa bora kuliko hiyo.

Mwezi wa Ramadhani unastahili kufikiriwa peke yake. Si marufuku kuzuru, lakini mchana watu huwa wamefunga, na mahojiano marefu ni mzigo kwao. Si adabu kula au kunywa hadharani mchana. Ijumaa nayo, kuanzia karibu na adhuhuri, isipangiwe kazi.

3.3 Vifaa

Mgeni achukue chandarua na dawa ya kuzuia mbu, kwani malaria ipo. Achukue viatu vya kufunga vinavyoweza kulowa, kwa kuwa miamba na matope ya mikokoni hukata miguu. Betri za akiba ni muhimu kuliko kompyuta. Mavazi yawe ya kusitiri; kwa mwanamke leso mbili humfaa zaidi ya nguo nyingi, na kwa mwanamume kikoi humfaa nyumbani jioni. Malipo mengi hufanyika kwa simu kupitia M-Pesa, lakini noti ndogo zinahitajika kwa bodaboda, nahodha na muuzaji wa mahamri.

4.0 Njia ya Kufika

Atokaye bara kwa treni hushuka Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa. Atokaye kwa basi hushuka mjini. Njia ya kawaida ni kuvuka kivuko cha Likoni, ambacho waendao kwa miguu huvuka bila malipo, kisha kupanda matatu ng'ambo ya pili. Zipo matatu zinazoishia Ukunda na zipo zinazoendelea Msambweni na Lunga Lunga. Abiria amwambie makanga mapema kwamba atashuka Gazi, kwa sababu mji wenyewe uko upande wa bahari, mbali kidogo na barabara kuu. Mwenye gari lake anaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu na kuepuka kivuko. Ni vyema kufika kabla ya magharibi. Mgeni anayeingia usiku humlazimisha mwenyeji kumpokea kabla ya kumjua.

Kivuko cha Likoni kina mafunzo yake ya kiisimu. Upande wa kisiwani ni makao ya Kimvita, ambacho wanaisimu hukiweka katika kundi la lahaja za kaskazini. Mwendo mfupi kuelekea kusini msafiri huingia katika eneo la lahaja za kundi la kusini, yaani Chifundi na Kivumba, ambazo zina uhusiano wa karibu na Kipemba na Kimtang'ata. Baina yake kuna Kidigo, mojawapo ya lugha za Mijikenda. Msafiri anayelala usingizi ndani ya matatu huvuka mpaka wa lahaja bila habari.

5.0 Kuingia Mjini

Hatua ya kwanza ni salamu, na salamu hazina haraka. Kijana humwamkua mzee kwanza. Shikamoo hueleweka, ingawa katika nyumba nyingi salamu ya Kiislamu ndiyo inayotangulia. Baada ya hapo huulizwa hali, watu wa nyumbani, safari. Mwanafunzi aliyezoea "mambo" na "sasa" za chuoni anaweza kudhani kwamba muda unapotea. Sivyo. Katika mazungumzo hayo mwenyeji hupima sauti ya mgeni, kwao na nia yake, na huamua atazungumza naye kwa lugha gani.

Mlangoni hubishwa hodi, na hodi ikikosa jibu mara tatu mgeni huondoka. Mwanamume asiingie nyumba ambayo ndani mna wanawake peke yao. Ikiwa utafiti unahusu nyimbo za harusi au lugha ya malezi, inafaa mtafiti wa kike ahusishwe. Watu wazima huitwa kwa majina ya heshima: mzee, babu, mama, bibi, mwenye kufundisha madrasa huitwa mwalimu. Kumwita mtu mzima kwa jina lake pekee, kama ilivyozoeleka katika hojaji, ni utovu wa adabu.

Chakula kikiletwa huonjwa, hata kama mgeni ameshiba. Kulipia chakula alichokaribishwa mtu ni tusi, lakini kuwasili na sukari, unga au majani ya chai ni uungwana.

Misitu ya kaya ina masharti yake. Kaya Kinondo, iliyo kaskazini mwa Gazi, ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Mijikenda ambayo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mnamo 2008. Mgeni huingia akiongozwa, hujifunga kitambaa cheusi, na hatoki na kitu chochote, liwe jani au jiwe. Kisiwa cha Chale nacho kina msitu wa kaya, na mtu asijipitishie humo bila idhini ya wazee.

6.0 Masikio ya Msafiri: Kusikiliza Bila Kuharibu

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mwanafunzi wa Kiswahili hufika Gazi akiwa amebeba Kiswahili Sanifu, lugha ya shule, mtihani na redio. Usanifishaji wake ulitokana na Kiunguja, kufuatia mkutano uliofanyika Mombasa mnamo 1928. Msailiwa anapomsikia mgeni wa chuo kikuu akizungumza hivyo, mara nyingi huiacha lahaja yake na kujibu kwa Kiswahili cha shule. William Labov aliliita tatizo la namna hii kitendawili cha mchunzaji: mtafiti anataka kujua watu huzungumzaje wasipochunzwa, lakini hawezi kujua hilo bila kuwachunza.

Pwani, tatizo hili lina upande wa pili ambao ni mzito zaidi. Mzungumzaji wa Chifundi anaposema "chitu" na mtafiti akamuuliza, "Unamaanisha kitu?", swali hilo hufanya kazi ya kusahihisha, hata kama halikukusudiwa hivyo. Mtoto aliyeketi kando husikia kwamba usemi wa bibi yake una kasoro ambayo mtu wa chuo ameigundua. Maswali kumi ya aina hiyo yatosha kumfunza mtoto aone haya. Lahaja ndogo inaweza kudhoofika kwa sababu wenye nayo wamesadiki kwamba ni Kiswahili kibovu, na mtafiti akawa shahidi wa mashtaka bila kujua. Bandu bandu huisha gogo.

Yafuatayo yanaweza kupunguza madhara hayo.

Kwanza, mtafiti asome kabla ya kwenda. H. E. Lambert alichapisha uchunguzi wake wa Kivumba mnamo 1957 na wa Chifundi mnamo 1958. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha historia ya Kiswahili na lugha za Sabaki mnamo 1993. Anayejua mapema kwamba kiambishi cha ngeli ya ki- hutokea kama chi- katika Chifundi na katika Kidigo hatashtuka akikisikia, na asiyeshtuka haulizi swali la kuaibisha.

Pili, aulize kazi, asiulize maneno. Badala ya kusoma orodha ya msamiati, amwombe mvuvi amweleze namna lema linavyosukwa na kutegwa, au amwombe mama amweleze namna nazi inavyokunwa na tui kukamuliwa. Maneno yatakuja yenyewe, yakiwa katika sentensi zake.

Tatu, atofautishe lugha zilizopo. Si kila tofauti na Kiswahili Sanifu ni lahaja ya Kiswahili. Anayesema "madzi" kwa maji, "mudzi" kwa mji na "atu" kwa watu anazungumza Kidigo, lugha nyingine yenye sarufi yake. Watu wengi wa eneo hili huzungumza zote mbili na kuhama kutoka moja hadi nyingine katika pumzi moja. Kuyaandika yote kama "lahaja ya Gazi" ni kosa linaloharibu tasnifu nzima.

Nne, achunguze maana, si umbo pekee. Mfano mzuri umo katika msitu wenyewe. Kikundi cha wanawake wa Gazi kina daraja la mbao linalopita ndani ya msitu, ambapo wageni huongozwa kwa malipo. Katika lugha ya shule, na katika jina la mradi uliotajwa, "mikoko" ni neno jumla kwa miti yote ya namna hiyo. Kwa anayeitumia miti hiyo, mkoko ni mti mmoja tu miongoni mwa mingi: kuna mkoko, mchu, mlilana, mkandaa, muia na mkomafi, kila mmoja na mahali pake na kazi yake. Ukishakatwa, mti hubadilika jina kulingana na unene: fito, kisha pau, kisha boriti, kisha nguzo, na mwisho banaa. Somo zima la uhusiano wa maana linapatikana katika mwendo wa nusu saa, kwa atakayemwacha kiongozi azungumze.

7.0 Bahari na Visiwa

Anayetoka bara hupanga siku yake kwa saa. Mtu wa Gazi huipanga kwa maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Kwa hiyo akiambiwa leo kwamba maji yatakupwa saa nne asubuhi, mgeni ajue kwamba kesho yatakupwa karibu na saa tano kasoro dakika kumi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake huja maji mafu, ambapo tofauti huwa ndogo. Mahojiano na wavuvi hayana budi kufuata ratiba hiyo. Usalama pia huitegemea: anayetembea mchangani kuelekea rasini wakati wa kupwa bila kuuliza saa ya kujaa anaweza kujikuta amezungukwa.

Kisiwa cha Funzi hufikiwa kwa chombo kutoka Bodo, kusini mwa Msambweni, na ni mahali muhimu kwa anayechunguza Chifundi. Wasini hufikiwa kutoka Shimoni, na ni miongoni mwa makao ya Kivumba pamoja na Vanga. Wasini hakuna magari, na maji matamu yamekuwa haba tangu jadi, wenyeji wakikinga mvua na kuihifadhi. Mgeni asioge kana kwamba yuko bwenini. Nauli ipatanwe kabla ya kupanda, maboya ya kujiokolea yaulizwe bila kuona haya, na nahodha akisema leo hakuvukiki, isibishaniwe.

8.0 Kutoka Gazi Hadi Komoro

Mafunzo ya Gazi humfaa pia atakayesafiri mbali zaidi, mathalani katika Visiwa vya Komoro, nchi ndogo iliyopata uhuru mnamo 1975 ikiwa na Ngazija, Nzwani na Mwali, huku Maore ikibaki chini ya Ufaransa. Huko pasipoti, viza na fedha huhitaji maandalizi mengine. Sarafu ni faranga ya Komoro, na Kifaransa na Kiarabu ni lugha rasmi pamoja na Kikomoro. Lakini adabu ya kuingia ni ileile: salamu ndefu, mavazi ya kusitiri, mzee kwanza.

Kwa mwanaisimu, safari hiyo ni mwendelezo wa ile ya Likoni. Kikomoro ni lugha ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kiswahili, Mijikenda, Kipokomo na Kielwana. Wenyewe huiita Shikomori. Msafiri akiweka bega kwa bega Kiswahili, Chidigo na Shikomori, huona viambishi vitatu, ki-, chi- na shi-, vyenye asili moja. Aliyejifunza Gazi kutoicheka chi- hataichukulia shi- kama Kiswahili kilichoharibika.

9.0 Deni la Mgeni

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii humtaka mgeni alete nafuu. Mtafiti aliyechukua saa tatu za mvuvi amechukua sehemu ya riziki yake, na deni hilo halilipwi kwa neno asante pekee. Yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi: kuacha nakala ya sauti kwa jamaa ya msimulizi, kupeleka nakala ya tasnifu katika shule ya karibu, kuandaa orodha ya majina ya samaki na miti kwa ajili ya walimu, na kuwataja wasimulizi kwa majina iwapo wameridhia. Nakala ya sauti ina thamani ambayo chuo hakiwezi kuipima. Msimulizi akifariki, huenda ikawa ndiyo sauti yake pekee iliyobaki kwa wajukuu.

10.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba vibali, majira, salamu, maji na nauli si mambo ya pembeni katika utafiti wa Kiswahili. Kila kimojawapo huamua mgeni ataambiwa nini na kwa lugha ipi. Imeonyeshwa pia kwamba mtafiti hubeba mamlaka ya Kiswahili cha shule popote aendapo, na kwamba mamlaka hayo yanaweza kuwanyamazisha watu aliokuja kuwasikiliza. Idara za Kiswahili zingefanya vyema kufundisha safari kama zinavyofundisha sampuli, na kumtaka kila mwanafunzi aeleze katika tasnifu yake, pamoja na alichokileta chuoni, ni kitu gani alichokiacha uwandani.

Maswali ya Kujadiliwa

1. Fafanua namna swali la mtafiti linavyoweza kugeuka kuwa usahihishaji wa lahaja. Toa mifano kutoka eneo unalolijua.

2. "Mikoko" na "mkoko" ni maneno yanayotofautiana kimaana kutegemea msemaji. Jadili kwa kuzingatia uhusiano wa neno jumla na maneno mahususi.

3. Andaa ratiba ya siku tano za utafiti katika mji wa wavuvi ukizingatia hali ya maji, sala na kazi za watu.